Aliyelishwa Mawese

Umeme ulikuwa umekatika Kalemie nzima tangu asubuhi, na mshale wa kompresa ya Mama Maimouna ulikuwa unapanda.

Haukupanda kwa haraka. Ulijivuta kidogo, ukasimama, ukajivuta tena. Maimouna alikuwa amekaa kwenye kigoda katika karakana yake ya useremala, mtaa wa Kataki, akisugua kifuniko cha sanduku kwa msasa, na macho yake yaliuona ule mshale kabla akili haijakubali. Kompresa ni mashine ya kusukuma hewa: ina mota, ina tanki la chuma lenye mshale wa kupimia hewa, ina mpira mrefu wa kupeleka hewa kwenye kazi. Bila umeme mota haizunguki, na mota isipozunguka mshale hulala kwenye sifuri. Kulijua hilo hakuhitaji shule.

"Cyprien," aliita kwa sauti ya chini. "Kuja uone kitu."

Cyprien alikuwa fundi wake, Mholoholo wa ukoo wa wavuvi, aliyejifunza useremala kwa sababu aliyaogopa maji tangu utoto. Aliweka randa chini, akaja, akatazama. Kisha akapiga ishara ya msalaba.

"Kalenga anapumua," alisema.

"Kalenga hana mapafu. Rudia kazi yako."

Hapa ni lazima nieleze Kalenga alikuwa nani, maana kosa lote lilianzia kwake. Kalenga hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya mkononi ya kupigia misumari ya kumalizia kazi, ile misumari myembamba inayozama kwenye mbao usiione tena. Ina mshikio, ina kifyatulio, ina pua. Unaiunganisha na mpira wa hewa, unabana pua kwenye ubao, unavuta kidole, na msumari umeingia. Shaabani, marehemu mume wa Maimouna, aliinunua Kigoma na kuvuka nayo ziwa miaka ya amani, na karakana nzima iliiita kwa jina ambalo mafundi wa Kalemie huipa kwa umbo lake: pistole, yaani bastola. Nipe pistole, pistole imekwama, nani ameacha pistole juani. Hakuna aliyelifikiria neno lile mara mbili.

Kisha vita ikaja. Mji ukashikwa na watu wa bunduki, na kukawa na kizuizi cha askari pale pale kwenye kona, karibu na reli. Fundi saa mmoja wa mtaa ule alichukuliwa kwa kutamka neno dogo kuliko hilo, na mkewe hadi leo anapanga sahani yake. Basi siku moja askari wakiwa wanapita barabarani, Cyprien akataka mashine. Neno likamfika kwenye ncha ya ulimi, akalimeza, akasema: "Lete Kalenga." Askari walipokwisha kupita, yeye na Maimouna walicheka mpaka machozi. Jina likabaki.

Na lingebaki jina tu kama si mafuta. Mashine ya namna ile hutaka mafuta kila siku, matone machache mepesi kwenye tundu la kuingizia hewa, ili ulimi wa chuma unaosukuma msumari uende na kurudi bila kusita. Boti za Kigoma zilipokoma, mafuta hayo yaliisha. Maimouna hakuwa mtu wa kukaa na kushika tama. Babu zake walivuka ziwa toka Ujiji na mizigo yao, wakaanza maisha upya mahali wasipojulikana, na yeye alirithi ubishi wao wote. Alichukua mawese jikoni, akayapasha moto, akayachuja kwa kitambaa, akayadondosha ndani ya ile mashine. Kila asubuhi akafanya hivyo, na kila asubuhi alifanya mzaha ule ule.

"Kula, Papa Kalenga," alikuwa akisema. "Kula, ufanye kazi."

Kalenga akala, akafanya kazi. Halafu akaanza kupiga mara mbili.

Ni kasoro inayojulikana. Unavuta kidole mara moja, misumari inatoka miwili. Huenda springi ya pua imelegea, au vipete vya mpira vya ndani vimevimba, au hewa imezidi nguvu, au mkono wako ni mlegevu na mashine inaruka. Maimouna alipunguza hewa. Akabadilisha springi. Akamkemea Cyprien juu ya mkono wake. Mashine ikapiga vizuri kutwa nzima, kisha kwenye kona ya mwisho ya kifuniko, ta-ta, miwili.

Kazi yao kubwa siku zile ilikuwa masanduku ya maziko ya Wakristo. Sanduku la baba yake Élisabeth lilipigwa miwili, na muda si mrefu Élisabeth alirudi mlangoni, macho makavu, kuagiza la mdogo wake. La mvuvi mmoja wa Lukuga lilipigwa miwili, na kaka zake wakarudi kuagiza la mkewe. Masanduku yaliyopigwa msumari mmoja mmoja hayakurudisha mtu.

"Mama," alisema Cyprien siku moja, akiangalia chini, "akipiga mbili, ile nyumba inazika wawili."

"Vita inaua wawili kila nyumba, Cyprien. Haingoje ruhusa ya mashine."

Alijibu hivyo kwa sauti kubwa. Lakini tangu siku hiyo hakuruhusu kifuniko kitoke karakanani kabla ya kupitisha kidole kwenye kona zake zote.

Sasa, Maimouna alikuwa na binti mmoja tu, Hidaya. Mume wa Hidaya alivuka ziwa kutafuta mahali pa kuishi upande wa Tanzania, habari zake zikakatika, na Hidaya akarudi kwa mama yake na mimba iliyokaribia siku zake. Njia ya hospitali ilikuwa na vizuizi ambavyo mwanamke hakupita bila kutetemeka. Atazalia nyumbani, Maimouna akaamua, lakini hatazalia chini kwenye mkeka. Alitoa mbao za muvula alizokuwa amezificha juu ya dari tangu Shaabani yuko hai, akamtengenezea binti yake kitanda. Ndicho kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza, na alikitengeneza kwa hasira, akijua kwamba nje watu walikuwa wakivunja kila kitu.

Umeme ulirudi mchana mmoja, akaunganisha mpira ili apige urembo wa pembeni. Msumari mmoja, mmoja, mmoja. Alipofika upande wa kichwa, ta-ta. Upande wa miguu, ta-ta.

Alizima kompresa, akachomoa mpira. Mashine isiyo na mpira haina hewa, ni chuma tu mkononi, lakini ile ilishusha pumzi. Ni hewa iliyobaki, alijiambia, na akangoja iishe. Haikuisha. Ilitoka polepole, nyembamba, yenye uvuguvugu juu ya kifundo cha mkono wake, ikaendelea kutoka hata baada ya yeye kusoma aya aliyoijua na kuirudia, na pamoja nayo ikaja harufu ya mawese yaliyowekwa motoni, harufu ya jikoni kwa watu wanaojiandaa kula, ilhali jiko lake lilikuwa baridi na sufuria zimefunikwa chini juu.

Aliiweka mezani. Akachukua koleo, akang'oa ile misumari ya pili, akaitupa kwenye mkebe.

Asubuhi misumari ile ilikuwa imerudi mahali pake.

Akaing'oa tena mbele ya Cyprien. Waliketi kunywa chai ya majani ya mchaichai, na walipoinuka ilikuwa imerudi, vichwa vyake vinang'aa, na kuzunguka kila kichwa kulikuwa na tone jekundu la mafuta. Cyprien aliigusa kwa ncha ya kidole. Alipozungumza alinong'ona, kana kwamba kuna mgonjwa chumbani.

"Mama, sisi tunazikwa ndani ya sanduku. Ninyi hamuna sanduku. Ninyi munabebwa juu ya kitanda."

Maimouna alikitazama kitanda. Alikuwa ameona watu wake wengi wakitolewa nyumbani kwa namna hiyo, wamefunikwa kwa kanga, juu ya kitanda kilichobebwa mabegani. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna kitu kingine kilichokuwa kikitazama.

"Na juu ya hiki," Cyprien akamalizia, "atalala mutu mumoja mwenye ni watu wawili."

Wakakitoa kitanda nje uani, wakakiegemeza ukutani. Baada ya sala ya adhuhuri Maimouna alimtafuta binti yake chumbani, hakumwona. Alimkuta uani. Kitanda kilikuwa kimelazwa chini juani, na Hidaya amelala juu yake chali, amenyooka, miguu pamoja, uso umefunikwa na mtandio wake mwenyewe. Maimouna aliuvuta ule mtandio. Hidaya akafumbua macho.

"Mama," alisema, "nani amenibeba?"

Hapo ndipo Maimouna aliogopa, nami sitamficha. Akamtuma Cyprien kwa Shehe Idriss.

Shehe Idriss alisomea watu majini yao toka Kalemie hadi Moba, mzee mwembamba mwenye kifua kibovu. Alifika alasiri na chetezo chake cha udi na chupa ya maji ya kombe, yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini. Mlangoni alisimama, akanusa.

"Nani anapika?"

"Hakuna mutu anapika, Shehe."

Hakuuliza tena. Alimketisha Hidaya kwenye mkeka karakanani, akaweka mkono juu ya utosi wake, akaanza kusoma. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu ila sauti yake na moshi. Kisha mshale wa kompresa ukaanza kujivuta, umeme haupo, na Hidaya akafungua mdomo. Sauti iliyotoka haikuwa yake wala ya mwanamke. Ilikuwa nyembamba, ya kupenya, sauti ya hewa inayovuja kwenye ufa mdogo.

"Niliitwa," ilisema.

"Uliitwa na nani?"

"Niliitwa, nikaitika. Nikalishwa, nikakaa."

Maimouna akamgeukia Cyprien. "Ile jina ulilitoa wapi?"

Cyprien alikuwa amebandika mgongo kwenye ukuta. "Sikulitoa, Mama. Nilimeza ile neno ya kwanza, halafu nikasikia mutu ananipa ingine nyuma ya shingo. Nikafikiri ni akili yangu."

Shehe alitikisa kichwa. "Mulimupa jina. Kisha kila asubuhi mwenye nyumba anamulisha kwa mukono wake na anamwambia kula. Hata miye ningebakia." Akamrudia Hidaya. "Unataka nini?"

"Wawili."

"Hao hawatoki. Taja kitu kingine."

Hewa ilivuja bila maneno, ndefu. Ndipo ikasema: "Mbuzi mweusi. Na mawese kila Ijumaa. Nitatafuta nyumba ingine."

Shehe alishusha mabega, akafuta jasho. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha, tena kwa urahisi. "Mbuzi atapatikana," alimwambia Maimouna. "Musikiti utasaidia. Shukuru Mungu."

"Nyumba ingine ya nani?" aliuliza Maimouna.

"Mama, hilo si juu yetu."

"Nimeuliza. Nyumba ya nani?"

"Ya karibu," ilisema sauti.

Ya karibu ilikuwa ya Mado, mshona nguo, mwenye cherehani moja, watoto wake, na mlango uliovunjwa na askari ambao hadi siku ile aliuziba kwa gunia. Maimouna alisikia hata muda huo cherehani ya Mado ikikwaruza ng'ambo ya ukuta. Kitu kikampanda, na hakikuwa woga tena. Ilikuwa hasira yake ya tangu vita ianze, yote kwa pamoja.

"Sikiliza, wewe," alisema, akamwinamia binti yake uso kwa uso. "Kila mwenye bunduki aliyepita mji huu alikula kwangu. Walikula mbuzi. Walikula kuku. Walikula unga wangu wa Ramazani, na wakaniomba chumvi. Nilinyamaza, juu ya bunduki zao. Wewe hauna bunduki. Wewe uko ndani ya yangu."

Hidaya akacheka kwa sauti ile ya kuvuja. Akacheka mpaka mwili ukamkunjika, kisha kicheko kikageuka kuwa mlio wake mwenyewe, wa kweli, na maji yakamwagika kwenye mkeka. Uchungu ulikuwa umeanza.

Walimwingiza chumbani, na Mama Générose mkunga akaitwa toka nyumba ya nyuma. Maimouna alimshika Shehe mkono wa kanzu. Aseme njia nyingine, alimwambia, kwa sababu mbuzi hatoki na nyumba ya Mado haitoki.

Shehe hakutaka kuisema. Aliisema akitazama mlango. "Mukono uliolisha, huo njo utatoa chakula. Umufungue yote, umuoshe yale mafuta mpaka kipete cha mwisho, bila kuacha. Ile jina mutu asiitaje tena hapa. Na umuite kwa neno lake alilonunuliwa nalo. Kwa sauti, Mama Maimouna. Watu wasikie. Aliingia kupitia neno lililofichwa. Ukinong'ona utakuwa unamufichia tena."

Wote watatu walitazama barabarani. Kizuizi kilikuwa pale kwenye kona, na askari walikuwa wanacheza karata.

Maimouna alianza kazi. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akaweka beseni la mafuta ya taa kwa ajili ya chuma na bakuli la maji ya sabuni kwa ajili ya mpira, maana mpira ukiguswa na mafuta ya taa huvimba. Alitoa misumari yote iliyokuwamo. Akafungua skrubu za kichwani. Kifuniko kilipoachia, harufu ilimpiga usoni hata akarudi nyuma. Ndani, mawese yalikuwa yameganda kuzunguka ukuta wa silinda, mekundu, mazito, na vipete vya mpira vimevimba mpaka vimetoka kwenye mifereji yake. Fundi yeyote angesema ndiyo hayo, mafuta ya chakula hayawekwi kwenye mashine, yanaganda na kuvimbisha mpira. Maimouna alijua hivyo. Alijua pia kwamba yale mafuta yalikuwa na joto la mwili.

Alitoa kipete cha kwanza, na ng'ambo ya ukuta Hidaya akalia. Alitoa cha pili, akasikia karibu na sikio lake, wala si kwa sikio la Cyprien wala la Shehe aliyekuwa akisoma bila kupumzika, neno moja jembamba likisema njaa, njaa, njaa, na kila aliposugua silinda kwa kitambaa na kukikamua kwenye beseni, kitambaa kilirudi chekundu tena, kana kwamba kile chuma kilikuwa kinatoa mafuta kutoka mahali pasipo na mwisho, na vidole vyake vikaanza kuteleza, na mikono kufa ganzi, na Cyprien aliyekuwa akikata vipete vipya kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli akawa anakata huku analia, na bado hakuacha, akasugua, akakamua, akasugua, mpaka hatimaye akaona kidoa cha chuma cheupe.

Hapo ndipo askari walipoingia.

Walikuwa na kamanda mfupi mwenye kofia iliyomzidi. Hakusalimia. Alitazama mezani, akamtazama Shehe, akamtazama Cyprien.

"Kalenga iko wapi?" aliuliza.

Jina lilipotoka, ule ulimi wa chuma uliokuwa umelala kwenye beseni ukaruka, ukagonga ukingo. Mshale wa kompresa ukapanda. Na chumbani Hidaya, aliyekuwa analia, akanyamaza ghafla.

"Watu wanasema munamuficha mutu," aliendelea kamanda. "Kalenga. Hakuna mwenye amemuona. Lakini kila asubuhi Mama anamuambia kula. Kalenga, toka inje."

Ulimi ukagonga tena, kwa nguvu zaidi. Kidoa cheupe kwenye silinda kikaanza kuwa chekundu mbele ya macho ya Maimouna. Toka chumbani alisikia Générose akiita, Hidaya, Hidaya, usilale, na kimya cha binti yake kikawa kirefu, na kamanda akavuta pumzi kujaza kifua ili aliite lile jina kwa mara ya tatu, na mashine ile iliyofunguliwa vipande vipande, isiyo na mpira wala hewa, ikavuta pumzi pamoja naye.

"Hapa hakuna mutu wa jina hilo," alisema Maimouna.

Aliinua kile kiwiliwili cha mashine juu ya kichwa chake, mafuta yakimtiririka hadi kwenye viwiko, akatembea hadi mlangoni ili barabara nzima imwone.

"Kuko pistole," alisema. Kisha akalisema tena, kwa sauti ambayo wanawake wa soko huitia mitumbwi iliyo mbali. "Nina pistole. Mume wangu aliinunua Kigoma. Hii njo yenyewe. Ni pistole."

Alisikia bunduki zikikokiwa nyuma ya mgongo wake. Ng'ambo ya ukuta cherehani ya Mado ilisimama. Wapita njia walisimama. Hakugeuka.

"Inapiga musumari," alisema. "Haina jina. Haina tumbo. Hainilie chakula. Ikipiga, inapiga mumoja. Cyprien, fungua koki."

Koki ilikuwa chini ya tumbo la tanki, ile ya kutolea maji yanayojikusanya ndani, ambayo mtu mwenye akili huifungua kila jioni na ambayo wao, kwa uchovu wa vita, walikuwa wameisahau. Cyprien alipiga magoti. Alimtazama kamanda, akatazama bunduki, akamtazama Mama Maimouna aliyesimama mlangoni na mikono juu. Akafungua.

Kwanza yalitoka maji ya kutu. Kisha yakatoka mafuta, mekundu, ya moto, mengi kuliko matone yote yaliyowahi kuingia, yakatambaa sakafuni kati ya viatu vya askari. Kisha ikatoka hewa. Ililia. Ilitoka kwa mlio mwembamba uliopanda hadi mbwa wa Kataki wote wakajibu, ikazima udi wa Shehe, ikambwaga kofia kamanda, ikapita mlangoni ikimgusa Maimouna usoni kwa joto la mdomo wa mtu aliye karibu mno, na askari mmoja akaangusha bunduki yake akakimbia kuelekea reli bila kuangalia nyuma. Mlio ukapungua. Ukawa pumzi. Ukaisha.

Katika kile kimya mtoto alilia.

Maimouna alishusha mikono. Ndipo alipotambua kwamba alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe afe.

Kamanda aliokota kofia yake. Aligusa mafuta kwa ncha ya kiatu, akakifuta kiatu haraka kwenye ubao. "Mama," alisema taratibu, "mulifunga nini humu ndani?"

"Mugeni, Papa. Alikuwa anakula sana."

Kamanda alirudisha kofia kichwani. Akaagiza watu wake watoke. Hawakurudi kumtafuta Kalenga, na ndani ya karakana hakuna aliyelitaja tena.

Kesho yake Mado alileta kichupa cha mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi, akakiweka mezani bila kuuliza. Maimouna alivisha silinda vipete vipya, akaunga kila kitu, akadondosha matone machache bila kusema neno. Alijaribu kwenye kipande cha ubao. Mmoja. Akajaribu tena. Mmoja. Aling'oa ile misumari ya pili kitandani, na safari hii haikurudi. Akaziba matundu kwa unga wa mbao na gundi, akapaka vanishi, akamlaza Hidaya pale pale na mtoto wake wa kike kifuani. Cyprien alimsihi akichome. Alikataa. Kitanda chake, mbao zake, binti yake.

Hadithi ingeishia hapo kama majini yangekuwa na adabu.

Mvua zilipokaribia kuanza, umeme ulikatika tena mji mzima. Maimouna alikuwa amepanga mezani vipande vya mlango mpya wa Mado, akingoja umeme. Aliinua macho. Mshale ulikuwa unapanda. Kidogo, ukasimama, kidogo tena. Ilikuja harufu hafifu ya mawese.

Cyprien akaiacha randa. Maimouna alisogea, akabandika sikio kwenye tanki.

"Njaa," lilisema tanki.

"Hata sisi," alisema Maimouna. "Kalemie yote iko na njaa. Na inafanya kazi."

Aliunganisha mpira. Akasubiri mshale ufike mahali pa kazi, akiwa ameshika kiuno, akitazama tu jinsi yule mgeni alivyojaza tanki lake bila tone la umeme na bila tone la mafuta.

"Cyprien," aliita, kwa sauti iliyofika hadi kizuizini, "lete pistole."

Askari kwenye kona waligeuka, wakaona ni yule Mama, wakarudia karata zao. Maimouna akabana pua kwenye mlango wa Mado, akavuta kidole. Ulitoka msumari mmoja. Akapiga mwingine, na mwingine, akaendelea kupiga bila kupumzika mpaka mshale ukalala kwenye sifuri na mlango ukawa umekwisha. Kisha akainama, akafungua koki, mgeni atoke na njaa yake.